Kwanta tayari iko kwenye darubini, kompyuta yake ndiyo bado

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia mwaka wa kwanza, kwa sasa niko nyumbani Tanga kwa likizo. Kila nikishika simu nakutana na habari kwamba kompyuta za kwanta zikishirikiana na akili mnemba, elimu ya nyota itageuka kabisa: tutaongea na watu watakaokuwa Mirihi bila kusubiri, tutazipata sayari zote zinazofanana na Dunia, na vyombo vya anga vitajiamulia mambo vyenyewe. Katika hayo, lipi ni la kweli na lipi ni la kuuzia magazeti? Na mtu kama mimi, mwenye kompyuta mpakato kuukuu, aanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza hivyo, maana katika habari hizo la kweli na la kuuzia magazeti vimepikwa chungu kimoja.

Nikupe kwanza jibu fupi. Akili mnemba, ambayo wengi Kenya huiita akili unde, imeshaingia kazini na inachambua data za darubini usiku na mchana. Kwanta nayo, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa za nuru na maada, imeshaingia, ila si kwa mlango unaotangazwa. Imeingia kama sikio na jicho: vipokezi vinavyohesabu chembe za nuru moja moja, nuru iliyotulizwa kelele zake, saa za atomu. Kompyuta ya kwanta yenyewe bado iko maabara, na kwa kazi nyingi za mtu wa darubini sioni kwamba ndiyo itakayotuvusha. Na kuongea na Mirihi bila kusubiri hakupo kabisa.

Tuanze na hilo la Mirihi, kwa sababu linawapotosha vijana wengi wenye bidii. Nuru hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Mirihi ikitukaribia, ujumbe huchukua dakika 3 na kitu kufika. Ikiwa ng'ambo ya Jua, huchukua kama dakika 22. Chombo cha Voyager 1, kilichoondoka duniani mwaka 1977, kimekwenda mbali kiasi kwamba ishara ya redio huchukua karibu siku nzima kukifikia. Wanaotangaza mawasiliano ya papo hapo huegemea mfungamano wa kwanta, yaani chembe mbili zilizozaliwa pamoja ambazo matokeo ya vipimo vyake hulingana hata zikiwa zimeachana mbali. Mfungamano wenyewe ni wa kweli. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2022 kwa majaribio yaliyouthibitisha, na mwaka 2017 setilaiti ya China iitwayo Micius iligawa fotoni, yaani chembe za nuru, zilizofungamana kwa vituo viwili vya ardhini vilivyo umbali wa kilomita 1,200 hivi.

Lakini angalia kinachotokea hasa. Wewe uko Tanga na fotoni zako, mwenzako yuko Mirihi na zake. Unapima ya kwanza, unapata 0 au 1, na huna uwezo wa kuchagua lipi litoke. Yeye naye anapima, anapata 0, 1, 1, 0, 1, mfuatano usiomwambia chochote. Kulingana kwa majibu yenu hakuonekani mpaka mmoja ampelekee mwenziwe orodha yake, na orodha hiyo itasafiri kwa redio au kwa leza, kwa mwendo uleule wa nuru. Basi mfungamano unafaa kulinda siri za ujumbe, na una kazi nyingine nitakayoifikia, ila zile dakika 22 zitabaki palepale.

Sasa nikupeleke mahali ambapo kwanta inafanya kazi leo, tena kwa namna ambayo hata baada ya miaka ya kuifundisha bado inanishangaza. LIGO, mtambo wa kunasa mawimbi ya mvutano, ina vituo viwili Marekani, kimoja Hanford katika jimbo la Washington, kingine Livingston katika jimbo la Louisiana. Kila kituo kina mabomba mawili ya ombwe, yaani yasiyo na hewa ndani, kila moja kilomita 4, yaliyokutana kama herufi L. Mwali wa leza hugawanywa mara mbili, kila nusu ikaenda kupiga kioo mwisho wa bomba lake na kurudi. Zikikutana tena, kifaa kimepangwa mawimbi yake yafutane, na mahali pa kutokea panakuwa karibu giza tupu. Wimbi la mvutano, yaani mtikisiko wa anga yenyewe, likipita, bomba moja hurefuka kidogo na la pili hufupika, mawimbi hayafutani tena, mwanga unachungulia. Tarehe 14 Septemba 2015 mwanga huo ulichungulia kwa mara ya kwanza. Mashimo meusi mawili, moja lenye uzito wa Jua letu mara 36 hivi na jingine mara 29, yalikuwa yameungana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3. Badiliko la urefu katika kilomita 4 halikufika hata sehemu moja ya mia ya upana wa protoni.

Unapimaje kitu kidogo hivyo? Adui mkubwa ni nuru yenyewe. Kaa ndani ya nyumba ya bati mvua inapoanza: ta, ta-ta, kimya, ta. Matone hayaji kwa mpangilio. Mvua ikishika kasi unasikia mvumo mmoja, lakini mvumo ule ni matone yaleyale, unapanda na kushuka bila utaratibu, na mtu akinong'ona upande wa pili wa chumba humsikii. Nuru nayo huanguka kwa matone, ndizo fotoni, na kipokezi cha LIGO ni bati. Mnong'ono wa mashimo meusi unapotelea humo.

Mwaka 1981 mwanafizikia Carlton Caves alionyesha kwamba kelele hiyo inaingia kupitia ule mlango wa giza. Hata mahali pasipo na nuru, ombwe la kwanta halitulii kabisa. Lina mtikisiko wake mdogo unaopenya na kuchanganyika na leza. Kanuni ya Heisenberg inasema huwezi kuufuta mtikisiko huo, kwa sababu kila wimbi la nuru lina sifa mbili, nguvu ya mdundo wake na wakati wa mdundo wake, na huwezi kuzijua zote mbili kwa uhakika kamili. Lakini kanuni haikulazimishi kugawa wasiwasi huo nusu kwa nusu. Chukua donge la unga wa chapati ulibane kwa viganja viwili. Upande uliobanwa unakuwa mwembamba, upande mwingine unafura, na unga haukupungua hata punje. Ndivyo wanavyolifanyia ombwe: wanabana wasiwasi wa wakati wa mdundo, ambao ndio LIGO inaupima, na kuuacha wasiwasi wa nguvu ufure. Nuru hiyo huitwa nuru iliyobanwa. Kituo cha GEO600 huko Ujerumani kilitangulia kuitumia tangu 2010, na LIGO ikaanza kuitumia rasmi katika msimu wa upimaji uliofunguliwa Aprili 2019.

Kule Livingston, umbali ambao kifaa kinaweza kusikia nyota za nyutroni, yale mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zikiungana uliongezeka kwa asilimia 14 hivi. Usidharau tarakimu hiyo. Tunasikiliza pande zote, kwa hiyo kinachokua ni ujazo wa mpira mzima wa anga, nao unakua kwa kipeo cha tatu: 1.14 mara 1.14 mara 1.14 ni karibu 1.5. Matukio yanayotarajiwa yaliongezeka kwa karibu nusu, bila kurefusha bomba hata sentimita moja.

Tatizo likahamia upande uliofura. Nguvu ya mdundo ikiyumba, fotoni zinasukuma vioo kwa msukumo usio sawa, na ingawa kila kioo kina uzito wa kilo 40, katika masafa ya chini, yale ya mvumo mzito, msukumo huo unaonekana. Kwa hiyo tangu 2023 nuru iliyobanwa hupitishwa kwanza kwenye bomba jingine la mita 300 linaloligeuza lile donge: kwa mvumo mzito limebanwa upande huu, kwa sauti nyembamba limebanwa upande ule. Wahandisi wamejifunza kuukanda wasiwasi wa ombwe wapendavyo. Kama unataka kuona kwanta ikifanya kazi ya elimu ya nyota, anzia hapo, uachane kwanza na picha za kompyuta zinazong'aa kama taa za sebuleni.

Na ni hapohapo akili mnemba ilipokuja kupiga hodi. Vioo vile vimening'inizwa, na lazima kila wakati virekebishwe visipinde pembeni. Mtambo wa kurekebisha nao una mkono unaotetemeka: unapotuliza kioo, unaongeza kelele yake mwenyewe katika masafa ya chini. Septemba 2025 watafiti wa Google DeepMind pamoja na wa LIGO na wa taasisi ya GSSI ya Italia walichapisha matokeo ya mbinu iliyojifunza kwa kujaribu na kupewa alama, kama mtoto anavyojifunza baiskeli, na kisha ikajaribiwa kwenye kifaa chenyewe huko Livingston. Katika mzunguko mgumu kuliko yote wa kudhibiti vioo, kelele ya udhibiti ilishuka mara 30 hadi 100. Ushirikiano unaousoma kwenye simu, kwa sura yake halisi, ndio huu: kwanta inatuliza nuru, akili mnemba inatuliza mkono ulioshika kioo.

Jicho nalo limebadilika. Desemba 2023 chombo cha Psyche, kinachoelekea asteroidi yenye jina hilohilo, kilirusha video kwa leza kutoka umbali wa kilomita milioni 31 hivi. Ilikuwa video ya paka anayekimbiza nukta ya mwanga, nayo ilifika kwa kasi ya megabiti 267 kwa sekunde, ambayo wengi wetu hatuipati hata majumbani. Nuru ilichukua sekunde 101 njiani. Mwali wa leza unatawanyika kadiri unavyosafiri, na kinachofika kwenye darubini ya Hale pale Palomar, California, ni fotoni za kuhesabika. Kipokezi ni nyuzi nyembamba mno za metali zilizopozwa hadi karibu na sifuri kamili, baridi ya mwisho isiyo na nyingine chini yake, ambapo umeme hupita bila ukinzani wowote. Fotoni moja ikigonga uzi, ukinzani unarudi kwa kitambo kidogo sana, na mtambo unaandika: moja. Hiyo ni kwanta tupu, na naamini wanaanga watakaokwenda Mirihi wataona sura za watoto wao kwa njia hiyo. Watazisubiri dakika zilezile, ila zitafika zikiwa safi.

Kabla sijaenda kwenye kompyuta, acha nikurudishe pwani yetu kidogo. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa ajili ya kutazama anga kwa miale ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, kwa sababu Ikweta iko karibu na chombo hupata msukumo wa bure kutokana na kuzunguka kwa Dunia. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Ilibeba vihesabio vya gesi, ikazunguka polepole, na mwishowe ikatoa orodha ya vyanzo 339. Moja ya nyota ilizozichunguza, Cygnus X-1, ndiyo iliyowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba mashimo meusi yapo. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobeli mwaka 2002. Linganisha na XRISM ya Japani iliyorushwa Septemba 2023: kipokezi chake chenye vipande 36 tu kimepozwa hadi sehemu 5 ya mia ya digrii juu ya sifuri kamili, na kila fotoni ya eksirei inayoingia hupimwa kwa joto inaloacha. Uhuru ilihesabu fotoni. XRISM inaipima kila moja kwa usahihi unaotosha kuonyesha gesi iliyoitoa ilikuwa inakwenda upande gani. Vijana wa pwani wanastahili kuijua habari ya Uhuru kuliko wanavyoijua sasa.

Haya, akili mnemba. Nina desturi ya kuwapa wanafunzi wangu mchoro wa mwanga wa nyota moja bila kuwaambia ni ipi. Mstari unakwenda mlalo miaka minne, una mikwaruzo midogo kila mahali kama ukuta uliopakwa chokaa, na mara chache sana unashuka ghafla kishimo na kupanda. Hawamalizi dakika mbili, mmoja ameshaweka kidole: "Hapa mwalimu, kuna kitu kimepita." Kimepita kweli. Nyota ni Kepler-90, na kishimo ni cha sayari h, yenye ukubwa kama wa Mshtarii. Kisha ninawaambia kwamba kwenye mchoro huohuo kuna sayari nyingine, i, kubwa kidogo tu kuliko Dunia, inayopita kila siku 14.4. Sijapata mwanafunzi aliyeiona kwa macho. Inaziba kama sehemu moja kati ya 10,000 ya mwanga wa nyota, na mikwaruzo inaifunika.

Sayari hiyo ilitangazwa Desemba 2017 na Christopher Shallue wa Google pamoja na mtaalamu wa nyota wa Marekani Andrew Vanderburg. Walitumia mtandao-neva uliosomeshwa kwa mifano 15,000 ambayo wataalamu walikuwa wameshaiwekea alama: hii ni sayari, hizi ni nyota mbili zinazozibana, hii ni hitilafu ya kipokezi. Hakuna aliyeiandikia mashine kanuni ya umbo la kishimo. Iliona mifano mpaka ikatambua. Wakulima wetu waliijua Kilimia, lile kundi la nyota, kwa njia kama hiyo. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua" ni kauli ya watu walioangalia misimu mingi wakaona kinachojirudia, bila kufundishwa mzunguko wa Dunia. Kwa sayari i, Kepler-90 ikawa na sayari nane, sawa na Jua letu.

Hitaji la mashine za namna hii si anasa. Darubini ya Vera C. Rubin juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, ina kamera ya pikseli bilioni 3.2 na imepangwa kutoa terabaiti 20 kila usiku na hadi taarifa milioni 10 za vitu vilivyobadilika mwanga au kusogea, kila taarifa ndani ya sekunde 60 hivi. Katika data za majaribio za saa 10 tu ilionyesha asteroidi 2,104 ambazo hazikuwa zimeonekana. Hata tukiwaketisha wanafunzi wote wa fizikia wa Afrika Mashariki hawatamaliza taarifa za usiku mmoja kabla usiku wa pili haujaingia.

Ila kuna hofu ninayotaka uwe nayo mapema. Mashine iliyosomeshwa kutambua inachokijua itakipita kisichojulikana bila kukiona, na katika fani yetu kisichojulikana ndicho tunachokitafuta. Kwa hiyo kazi inayonivutia zaidi ni ya Michelle Lochner na wenzake Afrika Kusini. Programu yao, Astronomaly, haiulizi "hii ni nini?" Inauliza "ipi haifanani na nyingine?", inapanga picha kwa ugeni wake, kisha mtu anazipa alama, na yenyewe inajifunza ladha ya yule mtu. Walipoipa picha za redio za MeerKAT, zile dishi 64 za jangwa la Karoo, ilitoa juu mduara wa ajabu wa redio wenye umbo la pembe nne ambao ulikuwa umelala ndani ya data bila mtu kuugundua. Ninapendelea njia hiyo inayomwacha mtu mezani.

Hofu ya pili ni picha. Mwaka 2023 picha maarufu ya shimo jeusi la galaksi ya M87 ilitolewa upya ikiwa na duara jembamba zaidi, kwa programu iliyojifunza kutokana na maelfu ya mifano ya kompyuta ya mashimo meusi. Ni kazi nzuri. Lakini mashine iliyofundishwa kwa maduara ina mwelekeo wa kuona maduara, na kwa hiyo ushahidi kwamba duara lipo unabaki ule wa picha ya kwanza ya 2019, uliopatikana kwa njia zisizotegemea mafunzo hayo. Ukisoma makala yoyote yenye picha iliyosafishwa kwa akili mnemba, uliza kwanza mashine ilisomeshwa nini.

Vyombo kujiamulia vyenyewe? Hilo lipo tayari. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha DART kiligonga asteroidi Dimorphos yenye upana wa mita 160 hivi, kikiwa na kasi ya kilomita 6 kwa sekunde, na kwa saa 4 za mwisho kilijiongoza chenyewe. Dimorphos haikuonekana peke yake kwenye kamera mpaka ilipobaki kama saa moja. Uongozi ule haukuwa mtandao-neva, zilikuwa kanuni za hesabu zilizoandikwa kwa uangalifu, na sioni aibu kusema kwamba mahali pa kugonga mara moja tu ningechagua hivyohivyo. Kule Mirihi, Curiosity imekuwa ikijichagulia mawe ya kupiga leza tangu 2016, na Perseverance hujitafutia njia kati ya mawe huku ikitembea.

Kujiongoza kunahitaji saa pia. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 la mahali ulipo, na hadi leo vyombo vingi husubiri dishi za Dunia zipime ishara ya kwenda na kurudi. Saa ya atomu za zebaki ambayo NASA iliirusha Juni 2019 na kuijaribu kwenye mzingo hadi Septemba 2021 ililenga kukipa chombo uwezo wa kujua mahali kilipo kwa ishara ya kwenda tu.

Nilikuahidi kazi nyingine ya mfungamano. Picha ile ya shimo jeusi ilitengenezwa kwa darubini za redio zilizotawanyika duniani, kila moja ikirekodi mawimbi na muda wake kwenye diski, kisha diski zikasafirishwa kwa ndege hadi Marekani na Ujerumani. Redio inakubali kurekodiwa hivyo. Nuru ya macho haikubali, mdundo wake ni wa haraka mno, kwa hiyo lazima uilete mahali pamoja ikiwa hai, na mitambo inayofanya hivyo, kama CHARA pale Mlima Wilson, inaishia mita 330 hivi. Mwaka 2012 Daniel Gottesman, Thomas Jennewein na Sarah Croke walipendekeza kutumia fotoni zilizofungamana zigawiwe darubini mbili, ili fotoni dhaifu ya nyota isisafirishwe kabisa na taarifa zake zisipotelee njiani. Ikiwezekana, darubini za nuru zitaachana kilomita nyingi na tutaona sura za nyota zilivyo. Kinachokwamisha ni hifadhi za kwanta na vituo vya kupokezana mfungamano, ambavyo bado ni vichanga. Katika ndoto zote za kwanta kwenye fani yetu, hii ndiyo ningemshauri kijana aipe miaka yake.

Na kompyuta ya kwanta? Desemba 2024 Google ilionyesha kifaa cha Willow chenye kyubiti 105, yaani vipande vya msingi vya hesabu ya kwanta, na hatua kubwa ilikuwa kwamba kuongeza kyubiti kulipunguza makosa badala ya kuyazidisha. Lakini terabaiti 20 za Rubin ni data za kawaida, sifuri na moja zilizolala kwenye diski. Kuziingiza katika kompyuta ya kwanta ni kuzipitisha kwenye tundu la sindano: muda wa kuziingiza unakula faida yote ya kuzikokotoa haraka. Ndiyo maana sitarajii itafute sayari kwenye picha. Nafasi yake ni ile aliyoitaja Richard Feynman mapema miaka ya 1980, kuiga maumbile ambayo yenyewe ni ya kwanta: hidrojeni iliyokandamizwa tumboni mwa Mshtarii, maada ndani ya nyota ya nyutroni, molekuli katika hewa ya sayari za mbali. Huko data za kuingiza ni chache na hesabu ni ngumu kupindukia.

Basi wewe uanzie wapi? Hisabati ya matriki na ya uwezekano, kabla ya jambo jingine lolote. Akili mnemba na kwanta zote mbili zimejengwa juu ya hizo mbili. Halafu Python, lugha ya kuandikia programu. Halafu, kama mikono yako inapenda vitu, elektroniki, kwa sababu fani hii inahitaji sana mafundi wa vipokezi. Ukimaliza shahada, fahamu kwamba Kenya ni moja ya nchi nane za Afrika zilizo wabia wa Afrika Kusini katika darubini ya redio ya SKA, na mradi wa mafunzo wa DARA umekuwa ukiwanoa vijana wa nchi hizo. Mtanzania hana sababu ya kusubiri nchi yake iingie orodhani ndipo ajifunze data zake.

Kompyuta yako kuukuu inatosha. Data za darubini ya Kepler ziko wazi kwa kila mtu, na programu ya Python iitwayo Lightkurve inazipakua. Tafuta nyota KIC 11442793, ndilo jina la Kepler-90 kwenye orodha ya darubini hiyo. Chora mwanga wake wote. Kishimo cha h kitakuwa na kina cha chini kidogo ya asilimia 1, kitajirudia baada ya siku 331 hivi. Ukishakiona, kata mchoro kila baada ya siku 14.449 na upange vipande juu ya vingine pindo kwa pindo, kama unavyokunja kanga, kisha uchukue wastani. Futa kwanza vishimo vikubwa vya sayari nyingine, la sivyo vitakuharibia. Kipande kimoja hakitakuonyesha kitu. Vikifika kama mia hivi, pataanza kutokea bonde dogo katikati. Likitokea, nitumie mchoro. Lisipotokea, nitumie programu yako tuisome pamoja.